Nyumba ya Bibi Inauzwa

Tangazo nililiandika kwenye simu, nimekaa kwenye kigoda uani kwa Bibi, Sikonge, jua limeshaanza kulegea. Lilikuwa hivi: "Nyumba inauzwa Sikonge mjini. Vyumba vitatu, kimoja masta. Sebule, jiko, stoo. Umeme upo, kisima kipo. Tofali za kuchoma. Gari linafika mpaka mlangoni, mita 300 kutoka lami. Haina mgogoro. Maongezi yapo." Halafu nikaongeza sentensi moja.

Dalali alisoma mara mbili. Ni kijana mwenye heshima zake, pikipiki safi, simu mbili. "Braza," akaniambia, "umeandika vizuri. Ila hiyo sentensi ya mwisho itoe."

Sentensi ya mwisho ilisema kwamba nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuna makaburi mawili.

"Mteja akishalipia atazoea. Ukiandika, hata kuja kuangalia haji."

Shangazi alikuwa anapepeta mchele barazani na alikuwa anasikia kila kitu. Hakusema neno. Na mimi, mtu ambaye mshahara wangu unatokana na kuandika kilichopo, nikaifuta ile sentensi. Nilijiambia nitairudisha baadaye.

Usiku ule sikulala vizuri, na kwa kuwa chuo nilisoma historia kabla ya kuangukia kwenye uandishi wa habari, nikaanza kujiuliza swali ambalo huenda ni la kijinga: hivi huku kwetu, nyumba zilianza kuuzwa lini? Na aliyekuwa anaitafuta nyumba alitaka kuona nini?

Ukitoka Sikonge kwenda Tabora mjini ni kilomita kama 70, lami tupu siku hizi. Kutoka Tabora kidogo tu unafika Kwihara, kwenye lile tembe linaloitwa la Livingstone, ingawa Livingstone hakulijenga wala hakulinunua. Wageni wengi wanakwenda pale kuona mahali alipokaa mzungu. Mimi safari hii nilikwenda kuangalia nyumba, kama mteja: kuta nene za udongo mwekundu, paa la bapa, uwanja katikati, baraza mbele.

Katikati ya karne ya 19 Unyanyembe palikuwa ndipo misafara inapopumzika. Pembe za ndovu na watumwa walitoka Ujiji, Karagwe na Manyema. Vitambaa, shanga na waya vilitoka pwani. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani hapo Tabora, Novemba 1857, mwenyeji wao Snay bin Amir aliwapa nyumba ambayo mwenyewe hakuwepo. Hakukuwa na kodi wala mkataba. Mgeni wa maana alikuwa anaonyeshwa nyumba tupu, analetewa chakula, kisha wenye mji wanakuja kumsalimia. Burton, ambaye alikuwa na ulimi mkali kwa karibu kila alichokiona Afrika, kwenye nyumba za Waarabu wa Unyanyembe alilegea kidogo. Aliandika kwamba hazina ghorofa lakini ni kubwa, ni imara, na zinaweza kujilinda.

Neno la kushika hapo ni kujilinda. Nyumba nyingi za nyasi ziliweza kuteketea kwa cheche moja. Paa la tembe ni magogo yaliyofunikwa kwa udongo, halishiki moto kirahisi. Mfanyabiashara mwenye pembe chumbani, ambaye msafara wake hautarudi pwani mpaka mwakani, alitaka stoo isiyoungua, mlango unaofungika, ua wa kuwaweka watu wake na mahali pa kukaa na wageni bila kuwaingiza ndani. Kwa lugha ya dalali wetu: stoo kubwa, ulinzi upo, baraza safi. Na tusisahau kwamba kazi nyingi za majumba hayo, kuanzia mashamba mpaka jikoni, zilifanywa na watumwa. Wao walikuwa ndani ya ile nyumba wakihesabiwa pamoja na mali.

Sifa ya kuta zile ilipata mtihani Agosti 1871. Henry Morton Stanley alikuwa amefika Juni na kupewa tembe Kwihara. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, na watu wake wakaingia Tabora, wakachoma sehemu ya mji na kumuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa pale. Stanley alichofanya ni kutoboa kuta za tembe matundu ya kupitishia bunduki. Mirambo hakuja Kwihara. Miezi sita baadaye, Februari 1872, Stanley alirudi hapo hapo pamoja na Livingstone, naye Livingstone akabaki peke yake kuanzia Machi mpaka Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani, kisha akaondoka kuelekea kusini. Hakurudi akiwa hai. Mwaka uliofuata, Oktoba 1873, Chuma na Susi na wenzao waliupitisha mwili wake Kwihara wakiubeba kwenda pwani, na wakati huo mgeni mwingine, Cameron, alikuwa amefikia hapo.

Wapangaji watatu maarufu, na hakuna hata mmoja aliyenunua. Wala sidhani kama ingewajia akilini. Aliyejenga tembe alikuwa na haki ya kuta zake, lakini chini ya kuta palikuwa na mtemi, ndiye aliyetoa ruhusa ya kukaa. Waarabu walilijua hilo vizuri, na waliposhindwa kuelewana na mtemi, kama ilivyokuwa kwa Mnywa Sele mwanzoni mwa miaka ya 1860, dawa yao haikuwa kununua ardhi. Walipigana mpaka wakamweka mtemi mwingine, Mkasiwa.

Mambo ya ardhi kutouzwa hayakuishia kwa watemi. Wajerumani, ambao Januari 1893 walivunja ngome ya Mtemi Isike naye akajilipua na baruti kuliko kukamatwa, walitoa amri mwaka 1895 kwamba ardhi yote isiyo na mwenye uthibitisho ni ya dola yao. Mwingereza akaja na sheria yake ya 1923: ardhi ni ya umma, iko chini ya Gavana. Nyerere mwaka 1958 aliandika makala yake "Mali ya Taifa", akipinga ardhi igeuzwe bidhaa. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja walioachiwa wachache tangu ukoloni ukafutwa, ukageuzwa kuwa wa kupangishwa na serikali. Mtemi, Kaiser, Gavana, Rais: aliye juu alibadilika, udongo ukabaki si wa muuzaji.

Basi Mtanzania alikuwa anauza nini? Maendelezo. Kisheria ulichoweza kuuza ni kile ulichokiweka juu ya ardhi: nyumba, kisima, miembe, mihogo. Ardhi tupu haikuwa na bei. Ndiyo maana mpaka leo mtu akitaka kuuza kiwanja anaanza kwa kunyanyua kitu juu yake, hata msingi, hata kibanda cha mlinzi, hata boma lililofika kwenye renta likaachwa likiota nyasi. Wageni wanadhani nchi hii ina watu wengi walioishiwa hela katikati ya ujenzi. Wapo, sikatai. Lakini baadhi ya yale mapagale ni lugha: yanasema hapa pana mtu, na kama unataka kununua, kuna kitu cha kununua. Sheria ya Ardhi ya 1999 ndiyo iliyoandika waziwazi kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, lakini desturi ya miaka 70 na ushei haifutiki kwa gazeti la serikali.

Huku Unyamwezi kuna jambo jingine lililochelewesha soko la nyumba, nalo ni kuhamishwa. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwakusanya watu wa Mkoa wa Magharibi kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mbung'o wa misitu hii ya miombo ndiye pia aliyefanya misafara itembee kwa miguu na mizigo ikae mabegani, maana ng'ombe na punda hawakudumu njiani. Halafu Novemba 1973 likatoka agizo: ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa kijijini awe anaishi kwenye kijiji rasmi. Babu yangu alihamishwa 1974. Alichobeba, kwa masimulizi ya Shangazi, ni mlango, fremu zake mbili, mabati sita na mzinga mmoja wa nyuki. Kuta aliziacha. Mvua mbili tu, zikarudi kuwa kichuguu.

Mtu aliyefundishwa hivyo hatafuti nyumba ya kuuza. Anatafuta nyumba ya kubomoa haraka. Ndiyo sababu mlango wa nyumba ya Bibi ni mzito kuliko nyumba yenyewe inavyohitaji. Umeshahama mara moja.

Babu alijenga upya kwa hela ya tumbaku, kidogo kidogo, kila malipo ya chama cha msingi yakiingia. Mwaka mmoja tofali, mwaka mwingine bati. Ilikuwa ndiyo wakati wa kampeni ya nyumba bora, na nyumba bora maana yake ilikuwa bati juu, madirisha makubwa, choo mbali, jiko mbali. Leo nyumba bora maana yake choo ndani na jiko ndani. Kilichokuwa uchafu kwa bwana afya wa wakati ule ndicho kinachopandisha bei. Ile masta niliyoiandika kwenye tangazo, kiukweli, ilikuwa stoo ya karanga; tuliiwekea choo Bibi alipoacha kuweza kutembea mpaka uani. Amelala humo miaka minne. Sasa ni "masta".

Tabora mjini mambo yalikwenda tofauti kidogo. Kule watu wa pwani waliotangulia na misafara, na baadaye waliokuja na reli iliyofika Tabora mwaka 1912, walieneza ile nyumba ambayo wote tunaijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza huku iliyojengwa na hesabu ya soko kichwani. Kila chumba ni mpangaji. Mnunuzi wa nyumba ile haulizi sebule iko wapi, anauliza vyumba vinaingiza shilingi ngapi kwa mwezi. Kizazi chetu tunaidharau, tunaiita nyumba ya Kiswahili kana kwamba sisi ni Wafini, lakini imesomesha watoto wengi kuliko hizi za kontemporari zenye paa lililofichwa.

Halafu ikaja 1971. Sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa fidia. Nyingi zilikuwa za Wahindi mijini; zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaishia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa mwenye uwezo wa kujenga, somo lilieleweka upesi: usijenge kitu kinachoonekana sana. Nadhani, na hapa ni maoni yangu tu, sehemu ya ile tabia ya kujenga fensi ndefu na kuacha nje bila rangi ilianzia hapo. Siku hizi imegeuka kinyume. Rangi inapakwa mbele tu, upande wa kamera.

Dalali wetu alifanya hivyo hivyo. Ndoo mbili za rangi ya maziwa kwa ukuta wa barabarani, pembeni tukaacha. Akaondoa jiwe la kusagia na matenga, akatuambia tufagie kichuguu. Akapiga picha asubuhi na mapema ili bati lisionekane kutu. Wenzetu Marekani wanakodi hadi makochi ya kuipambia nyumba inayouzwa, kwa hiyo sidhani kama Sikonge tumevumbua dhambi mpya. Picha zikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp na simu zikaanza.

Maswali ya wateja yalinifundisha kuliko vitabu. Hakuna aliyeuliza tofali ni za nini. Wote waliuliza maji kwanza, halafu lami. Kuhusu lami walitaka karibu, lakini si karibu mno, maana Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, na tangu hapo nchi nzima imejifunza kusoma alama ya X ukutani: nyekundu unabomoa bila fidia, ya kijani ulikuwepo kabla na utalipwa. Bwana mmoja alipima mwenyewe kwa hatua kutoka katikati ya lami mpaka kwenye kichaka chetu, akarudi anatokwa jasho, akasema hayupo tayari kununua. Alikuja kupima tu.

Swali la tatu lilikuwa la makaratasi. Hati ipo? Hatukuwa na hati, tulikuwa na barua ya zamani ya serikali ya kijiji, kutoka wakati pale palipokuwa kijiji. Nani anauza? Tukaonyesha barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomtaja Baba Mdogo kuwa msimamizi wa mirathi. Watu wanauliza hivyo kwa sababu wameungua. Pita mtaa wowote Tanzania utakuta ukutani pameandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Ni tangazo la kinyume kabisa. Ameliandika mjane, au kaka aliye mbali, au mke ambaye Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya ndoa isiuzwe bila ridhaa yake na mumewe ameshachukua kishika uchumba cha watu. Mfanyabiashara wa Kwihara aliogopa moto na bunduki za Mirambo. Mnunuzi wa leo anamwogopa ndugu wa muuzaji.

Aliyekuja kwa nia alikuwa dada mmoja muuguzi, na mumewe. Alimpigia Shangazi goti kidogo, "Mwangaluka, mama," akaingia ndani. Hakuangalia ukuta wa mbele hata kidogo. Alikwaruza plasta ya pembeni kwa ufunguo, akafungua bomba, akahesabu soketi. Aliuliza kwa nini masta haina dirisha kubwa. Nikamwambia ilikuwa stoo. Dalali akanikata jicho.

Kisha akatoka kwa mlango wa uani bila kuuliza, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mwembe.

Tulimfuata. Pale chini pana kilima kimoja kirefu kilichozungushiwa mawe, na kingine kifupi.

"Mama, hapa amelala nani?"

"Baba yangu," Shangazi akasema. "Na huyu ni mdogo wangu, hakufikisha mwaka. Mama yetu tulimzika makaburi ya kanisa, mji umeshakua. Lakini wakati ule hapa palikuwa shamba."

Dalali akaanza, "Dada, hilo ni jambo dogo, makaburi huwa yana utaratibu wake..." Yule dada akamwinulia mkono. Akanigeukia mimi, maana namba kwenye tangazo ilikuwa yangu.

"Mbona hukuandika?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Nilisema niliandika nikafuta.

"Mimi walalao siwaogopi, kazi yangu ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Nawaogopa nyinyi. Siku nataka kujenga fremu mbili huku nyuma, mtakuja kuniambia hapa ni kwa babu. Na mtakuwa na haki. Mimi nitakuwa na karatasi, nyinyi mtakuwa na mtu."

Shangazi alicheka, mara ya kwanza tangu tuanze habari za kuuza. Wakakaa wawili barazani, sisi wanaume tukabaki tumesimama na simu zetu. Walipomaliza, eneo la mwembe lilikuwa limetolewa kwenye mauzo, pamoja na njia ya kufika pale kutoka barabarani bila kupita uani kwake. Kwa ajili hiyo tulishuka milioni moja na nusu. Baba Mdogo alinuna, lakini akasaini mbele ya mwenyekiti na mashahidi wanne, na karatasi ikaandika jambo ambalo nadhani Mtemi Mkasiwa asingeona ajabu: nyumba, kisima na miti tisa imeuzwa, mwembe mmoja na kilicho chini yake hakijauzwa.

Malipo ni kwa awamu mbili, ya pili mpaka mpimaji apite. Hajapita bado. Shangazi hakumsubiri. Amekata minyaa kwa jirani, amepanda kuzunguka makaburi yote mawili, ameacha mlango upande wa barabara. Dalali naye anasema asilimia 10 yake inahesabiwa kwa bei ya mwanzo, kabla hatujashuka. Hilo bado tunabishana.